Rensis Likert: Msomi aliyeyapa maneno ya moyo tarakimu

Mgonjwa anapoketi mbele ya daktari na kukabidhiwa karatasi yenye maswali kuhusu huzuni, usingizi na matumaini yake, aghalabu haambiwi ajibu kwa ndiyo au la. Hutakiwa achague jibu moja kati ya kadhaa yaliyopangwa kwa daraja, kuanzia la chini kabisa hadi la juu kabisa. Vivyo hivyo, mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandika tasnifu huwasambazia wahojiwa wake karatasi zenye kauli nyingi, na chini ya kila kauli huwapo nafasi ya kukubali kabisa, kukubali, kutokuwa na hakika, kukataa au kukataa kabisa.

Daraja hizo tano zimeenea mno ulimwenguni hivi kwamba wengi huzidhania kuwa zimekuwapo tangu jadi. Ukweli ni kwamba zilienezwa na kijana mmoja wa Marekani aliyekuwa akiandika tasnifu yake ya uzamifu jijini New York, katika miaka ya mwanzo ya mdororo mkuu wa uchumi. Kijana huyo alikuwa Rensis Likert. Jina lake hutamkwa visivyo hata na wasomi: wengi husema "Laikati", ilhali yeye na jamaa zake walilitamka "Likati".

MWANA WA RELI

Likert alizaliwa tarehe 5 Agosti, 1903, katika mji wa Cheyenne, jimbo la Wyoming, magharibi mwa Marekani. Baba yake alikuwa mhandisi katika kampuni ya reli ya Union Pacific, naye mama yake alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa. Kwa mtoto aliyelelewa katika nyumba ya aina hiyo, haikuwa ajabu kwamba alipojiunga na Chuo Kikuu cha Michigan mjini Ann Arbor aliamua kusomea uhandisi wa ujenzi. Aliyafuata masomo hayo kwa muda wa miaka mitatu.

Mnamo mwaka wa 1922, akiwa bado mwanafunzi, alikwenda kufanya kazi ya kujifunza katika kampuni hiyohiyo ya Union Pacific. Huo ndio mwaka ambapo mafundi wa karakana za reli kote Marekani waliweka zana chini na kugoma, wakipinga kupunguzwa kwa ujira. Kijana aliyekuwa amefunzwa kukokotoa uzito wa madaraja na nguvu za vyuma alijikuta akitazama jambo ambalo vitabu vyake vya uhandisi havikuligusia. Mitambo ilikuwa mizima na reli zilikuwa imara, lakini waajiri na wafanyakazi hawakusikilizana. Ilimbainikia kwamba shirika kubwa linaweza kukwama si kwa sababu ya hitilafu ya chuma, bali kwa sababu ya yaliyomo vifuani mwa watu.

Tukio hilo lilimgeuza. Likert aliuacha uhandisi, akageukia uchumi na elimu ya jamii, na mwaka wa 1926 alihitimu shahada yake ya kwanza katika somo hilo la jamii. Ni katika chuo hichohicho alikokutana na Jane Gibson, ambaye baadaye alikuwa mkewe, mama wa binti zake wawili na mwenzake katika utafiti na uandishi. Baada ya kuhitimu, Likert alisoma kwa mwaka mmoja katika Seminari ya Theolojia ya Union jijini New York, kisha akavuka na kujiunga na idara ya saikolojia ya Chuo Kikuu cha Columbia, papo hapo jijini.

Hata hivyo, uhandisi haukumtoka damuni. Maisha yake yote Likert alibaki mtu wa vipimo, aliyeamini kwamba jambo lisilopimika ni vigumu kulirekebisha.

MIZANI ILIYOKUWA NZITO

Wakati huo saikolojia ilikuwa ikihangaika na swali gumu. Je, yawezekana kuyapima yaliyomo moyoni mwa mtu kwa kumuuliza mwenyewe? Katika Chuo Kikuu cha Columbia, mwanasaikolojia Robert Woodworth alikuwa amejaribu kufanya hivyo wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Aliliandalia jeshi la Marekani orodha ya maswali 116 ya kuwatambua askari ambao nafsi zao zingeweza kuvunjika vitani. Kila swali lilijibiwa kwa ndiyo au la. Vita vilikwisha kabla ya orodha hiyo kutumiwa kwa mapana yaliyokusudiwa, lakini ilikuwa miongoni mwa hojaji za kwanza kabisa za namna hiyo.

Kasoro ya ndiyo na la ni dhahiri. Mtu aliyehuzunika kidogo kwa kukosa basi na yule aliyekata tamaa ya kuishi huweza kutoa jibu lilelile. Mtaalamu mwingine, Louis Thurstone wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa na mbinu yenye makini zaidi. Yeye alikusanya kauli nyingi kuhusu jambo moja, kisha akawapa waamuzi wazigawe katika mafungu 11, kuanzia kauli zinazolipinga jambo hilo vikali hadi zile zinazoliunga mkono kwa dhati. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 1929 kuhusu mitazamo ya watu kwa kanisa, kauli zilikuwa 130 na waamuzi walikuwa 300. Kazi hiyo ilikuwa ya kitaalamu, lakini ilichosha na kugharimu. Mtafiti asiye na fedha wala wasaidizi hakuweza kuimudu.

Likert, chini ya uelekezi wa mwalimu wake Gardner Murphy, alitafuta njia ya mkato isiyopoteza ukweli. Hojaji zao zilianza kusambazwa kwa wanafunzi wa vyuo mbalimbali mwaka wa 1929, na ziliuliza mambo yaliyokuwa yakiwasha vichwa vya Wamarekani wakati ule: uhusiano wa mataifa, ubeberu, na haki za watu weusi. Badala ya waamuzi 300, Likert alimwachia mhojiwa mwenyewe uamuzi. Kila kauli iliwekewa majibu matano, nayo majibu yakapewa tarakimu kuanzia 1 hadi 5. Kisha tarakimu za kauli zote zilijumlishwa, na jumla hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya mtu.

Kabla ya kuipendekeza mbinu hiyo, Likert aliilinganisha na nyingine tata zaidi iliyohitaji hesabu ndefu za kitakwimu, akagundua kwamba matokeo yalikaribia kuwa sawa kabisa. Kama kapu jepesi linabeba mzigo uleule, hakukuwa na haja ya kulibeba lile zito. Tasnifu yake ilikamilika na kuchapishwa mwaka wa 1932.

Yafaa kufafanua jambo ambalo hata watafiti wa leo hulisahau. Kwa Likert, mizani haikuwa swali moja lenye majibu matano. Mizani ilikuwa jumla ya kauli nyingi zinazolizunguka jambo moja, ili kosa la jibu moja lifidiwe na mengine. Aidha, alisisitiza kwamba takriban nusu ya kauli ziandikwe kwa namna ya kuunga mkono na nusu nyingine kwa namna ya kupinga. Alijua kuna watu wenye mazoea ya kuitikia kila waambiwalo, na hakutaka adabu yao ihesabiwe kuwa msimamo wao.

KUTOKA BIMA HADI MASHAMBANI

Likert alifundisha katika Chuo Kikuu cha New York hadi mwaka wa 1935, kisha akahamia Hartford, jimbo la Connecticut, kuongoza utafiti wa chama cha usimamizi wa mawakala wa bima ya maisha. Huko alichunguza kwa nini baadhi ya ofisi za mawakala zilistawi huku nyingine zikizorota. Uchunguzi huo ulimrejesha katika swali lililompata relini mwaka wa 1922, na baadaye ulizaa mafunzo yake kuhusu uongozi.

Mwaka wa 1939 aliitwa Washington kuongoza kitengo kipya cha utafiti katika Wizara ya Kilimo ya Marekani. Kazi yake ilikuwa kujua wakulima waliionaje mipango ya serikali iliyokusudiwa kuwafaa. Marekani ilipoingia vitani mwishoni mwa mwaka wa 1941, idara nyingine zilianza kumkimbilia. Wizara ya Fedha, kwa mfano, ilitaka kufahamu kwa nini baadhi ya raia walinunua hati za dhamana za kugharimia vita ilhali wengine hawakununua. Watafiti wa Likert walibaini kwamba mabango na hotuba za redio pekee hazikutosha. Watu walinunua zaidi pale mtu alipowafikia ana kwa ana na kuwaomba.

Katika miaka hiyo ilidhihirika sura nyingine ya msomi huyu, ambayo huenda ikawashangaza wanaomjua kwa daraja zake tano tu. Kulizuka mvutano mkali miongoni mwa watafiti wa serikali. Kundi moja lilitaka wahojiwa wapewe majibu yaliyotayarishwa, kwa kuwa ni rahisi kuyahesabu. Kundi la Likert lilitaka raia aulizwe swali la wazi na aachwe aseme kwa maneno yake, huku mhojaji akiyaandika. Mtu aliyeipa dunia majibu ya kuchagua alikuwa mtetezi wa kumwacha mtu aongee. Likert aliwafunza wahojaji wake waanze na swali pana, kisha wayabane maswali hatua kwa hatua, ili mhojiwa asitiwe maneno kinywani.

MOYO CHINI YA MABOMU

Mtihani mkubwa zaidi wa imani hiyo ulikuja vita vilipoelekea ukingoni. Jeshi la anga la Marekani na lile la Uingereza yalikuwa yameiangushia miji ya Ujerumani shehena kubwa ya mabomu, na miongoni mwa hoja zilizotolewa ni kwamba mabomu yangeivunja mioyo ya raia na kuwafanya waache kuiunga mkono serikali yao. Je, hoja hiyo ilikuwa ya kweli? Marekani iliunda tume maalumu ya kuchunguza matokeo ya mashambulizi hayo, na Likert akateuliwa kuongoza kitengo kilichochunguza ari ya wananchi. Miongoni mwa waliotumwa Ujerumani mwaka wa 1945 chini ya kitengo hicho alikuwamo mshairi mashuhuri W. H. Auden.

Wahojaji walipita katika miji iliyokuwa magofu na kuwahoji raia zaidi ya 3,000 wa Ujerumani. Baadaye kazi kama hiyo ilifanywa Japani, ambako zaidi ya raia 3,000 pia walihojiwa. Ilikuwa kazi nyeti. Waliouliza walitoka katika taifa lililoshinda, na walioulizwa walikuwa wameshindwa, wengi wao wakiwa wamefiwa na kupoteza makao. Ingekuwa rahisi kwao kusema chochote ambacho mshindi alitaka kukisikia. Kwa sababu hiyo mahojiano hayakuanza kwa kuuliza kuhusu mabomu. Raia aliulizwa kwanza kuhusu maisha yake wakati wa vita, na ilisubiriwa kuona kama mabomu angeyataja mwenyewe.

Matokeo hayakuwafurahisha wote. Ni kweli kwamba mashambulizi yaliwavunja watu moyo na kuwatia hofu na uchovu. Hata hivyo, miji iliyopigwa kupita kiasi haikuonyesha mioyo iliyovunjika kwa kiwango kilekile cha ziada. Baada ya kiasi fulani, kuongeza mabomu hakukupunguza ari kwa kadiri hiyo. Isitoshe, watu waliokuwa wamekata tamaa waliendelea kwenda kazini, ama kwa mazoea, ama kwa kuhofia mkono wa dola. Hisia za mtu na matendo yake vilikuwa vitu viwili mbalimbali. Somo hilo lilitokana na kuwauliza watu ambao maelfu ya wenzao walikuwa wamekwisha kuteketea, na ni somo ambalo majenerali wengi wa vita vilivyofuata hawakulizingatia.

TAASISI YA ANN ARBOR

Vita vilipokwisha, Likert na wenzake kadhaa waliondoka serikalini. Mwaka wa 1946 walihamia Chuo Kikuu cha Michigan na kuanzisha kituo cha utafiti wa maoni, kwa makubaliano kwamba kituo hicho kingejitafutia fedha zake chenyewe kupitia kandarasi za utafiti. Miaka michache baadaye kilikuwa sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Jamii, ambayo Likert aliiongoza hadi alipostaafu mwaka wa 1970. Mwaka wa 1959 alikuwa rais wa Chama cha Takwimu cha Marekani.

Ni katika kituo hicho ambapo kupima hali ya moyo kulipiga hatua nyingine. Mwaka wa 1957, watafiti wa Michigan waliwahoji watu wazima zaidi ya 2,000 kote Marekani kuhusu furaha, wasiwasi na afya ya akili zao. Kabla ya hapo, habari za maradhi ya nafsi zilitoka zaidi hospitalini, kwa waliokwisha kuugua. Sasa aliulizwa mtu wa kawaida nyumbani kwake. Takriban mmoja kati ya watano alikiri kwamba aliwahi kuhisi yu karibu kuvunjika kiakili. Miongoni mwa waliowahi kutafuta msaada, asilimia 42 walikwenda kwa viongozi wa dini, ambao walikuwa wengi kuliko waliokwenda kwa madaktari. Habari hizo zilichapishwa mwaka wa 1960, na ziliwapa wapangaji wa huduma za afya picha ambayo hawakuwa nayo.

Likert mwenyewe aligeukia zaidi uongozi wa mashirika. Katika vitabu alivyovitoa mwaka wa 1961 na 1967 aliipanga mitindo ya uongozi katika ngazi nne, kuanzia ule wa kimabavu hadi ule wa kuwashirikisha wafanyakazi katika maamuzi, na akautetea huu wa mwisho. Mwaka wa 1976, yeye na mkewe Jane walichapisha kitabu kuhusu njia za kusuluhisha migogoro. Kijana aliyeushuhudia mgomo wa mwaka wa 1922 alikuwa bado akilitafutia jibu swali lake.

Rensis Likert alifariki dunia mjini Ann Arbor tarehe 3 Septemba, 1981, akiwa na umri wa miaka 78.

URITHI WAKE

Mwaka wa 1969, mtafiti Norman Bradburn wa Chicago alionyesha kwamba hisia njema na hisia mbaya si ncha mbili za kamba moja. Mtu anaweza kuwa na mengi ya kumfurahisha na mengi ya kumuudhi katika juma lilelile, na kuondoka kwa huzuni hakuleti furaha papo hapo. Bradburn alitumia ndiyo na la. Mwaka wa 1988, miaka saba baada ya kifo cha Likert, wanasaikolojia David Watson, Lee Anna Clark na Auke Tellegen walichapisha hojaji ya maneno 20: 10 ya hisia njema, kama vile fahari na shauku, na 10 ya hisia mbaya, kama vile woga na aibu. Mhojiwa hulipa kila neno tarakimu kuanzia 1 hadi 5, kisha kila kundi hujumlishwa peke yake, hivyo kila mtu hupata alama mbili, kila moja kati ya 10 na 50. Hojaji hiyo hutumiwa sana duniani, na ngazi zake tano na ujumlishaji wake ni wa nasaba moja na tasnifu ya mwaka wa 1932.

Nasaba hiyo imefika hata humu nchini. Utafiti wa Afrobarometer, ambao ulianza kuwahoji Wakenya mwaka wa 2003, hupima uzito wa maoni kwa majibu ya daraja. Mwaka wa 2009, watafiti walichapisha matokeo ya kuijaribu hojaji ya maswali tisa ya kutambua sonona miongoni mwa watu wazima wanaoishi na virusi vya Ukimwi magharibi mwa Kenya. Jaribio kama hilo lina uzito wake, kwa sababu mgonjwa anayemeza dawa za mwili huku moyo wake umezama katika huzuni huweza kuziacha njiani bila mtu kujua sababu.

Wapo waliomkosoa Likert, na hoja zao hazijazimika. Je, umbali kati ya 1 na 2 ni sawa na umbali kati ya 4 na 5? Kama si sawa, kuna uhalali gani wa kuzijumlisha tarakimu hizo? Tena, watu wa jamii mbalimbali hawajibu kwa namna moja. Kuna wanaoona haya kuchagua jibu la kupindukia, na kuna wanaoegemea katikati ili kuepuka lawama. Anayetafsiri hojaji naye ana kibarua chake. Huzuni, majonzi, simanzi na jitimai si kitu kimoja, na atakayechagua neno lisilofaa atapima kitu kingine kabisa.

Likert hakuyapuuza mashaka ya aina hiyo. Ndiyo maana alisisitiza kauli nyingi badala ya moja, maneno ya kukubali na ya kukataa, na mhojaji asiyemwekea mtu jibu mdomoni. Kwake, tarakimu haikuwa badala ya neno la mhojiwa, bali njia ya kulibeba neno hilo hadi mahali linapoweza kuhesabiwa pamoja na ya wengine. Mkulima ambaye hakualikwa Washington, mjane wa Ujerumani katikati ya magofu, na mgonjwa anayeona aibu kusema kwamba hapati usingizi, wote wanahitaji kwanza kuulizwa, na baada ya kuulizwa wanahitaji kuaminiwa. Anayeijaza hojaji leo na kuweka alama kwenye nafasi ya nne au ya tano anaendeleza kazi iliyoanzwa na mwana wa mhandisi wa reli kutoka Cheyenne, hata kama jina lake hajawahi kulisikia.